Mgao wa watu saba na tarakimu zinazopokezana zamu

"Shikamoo Mwalimu. Sisi ni kikundi cha akina mama saba hapa Tandika, tunaweka akiba na kukopeshana. Mimi ndiye mweka hazina. Tulikubaliana kila mwisho wa mwaka tugawane milioni zilizotimia, kinachozidi kinabaki kwenye mfuko wa jamii. Mwaka wa kwanza tuligawana milioni moja, nikaandika kila mtu 142,857. Mwaka wa pili milioni mbili, 285,714. Mwaka huu milioni tatu, 428,571. Mwenzetu mmoja kakaa na daftari kaona ni tarakimu zilezile, 1, 4, 2, 8, 5, 7, ila zimebadilishwa pa kuanzia. Sasa anasema sipigi hesabu, nazipanga tu, na anauliza shilingi zinazobaki naziweka wapi. Mwingine kapeleka namba kwa mtu mmoja sokoni. Huyo mtu kasema ni namba ya nyota, tumpe elfu hamsini aifungue, kisha tuichezee bahati nasibu. Nimerudia kwenye simu, jibu ni lilelile. Simu yangu mbovu? Au kweli hii namba ina kitu? Binti yangu wa darasa la sita naye hanipi nafasi, anataka kujua kwa nini."

Marahaba, dada yangu. Nianze na hilo linalokukosesha usingizi: simu yako ni nzima, na hesabu zako zote tatu ni sahihi. Nimechukua karatasi nikazipiga kwa mkono. 142,857 mara saba ni 999,999. Ongeza shilingi moja, milioni imetimia. 285,714 mara saba ni 1,999,998, zinabaki mbili. 428,571 mara saba ni 2,999,997, zinabaki tatu. Ukitaka kumtuliza mwenzako leo hii, mpe kalamu azidishe mwenyewe mbele ya wote.

Ila usimkasirikie. Ameona jambo la kweli kabisa, jambo ambalo watu wengi waliosoma hulipita bila kuligeukia. Amekosea kwenye tafsiri tu. Tumezoea kuamini kwamba hesabu ya haki hutoa namba zilizovurugika, na namba yenye mpangilio lazima kuna mtu kaipanga. Kwa saba ni kinyume chake. Gawanya milioni moja, mbili, tatu, nne, tano au sita kwa watu saba, na kila mara utapata tarakimu hizi sita, kwa mfuatano huuhuu, zikianzia mahali tofauti: 142,857, kisha 285,714, kisha 428,571, kisha 571,428, kisha 714,285, kisha 857,142. Mkifikisha milioni saba kila mtu anapata milioni yake na mchezo unakwisha.

Sasa tuone kwa nini, maana bila hilo nitakuwa nimekuambia uniamini tu, na wenzako wamechoka kuamini.

Weka mezani fungu moja la milioni. Wako watu saba. Fungu moja haligawanyiki kwa saba, kwa hiyo mnalivunja yawe mafungu kumi ya laki. Kila mtu anachukua moja, yanabaki matatu. Andika 1. Hayo matatu mnayavunja, yanakuwa noti thelathini za elfu kumi: kila mtu noti nne, zinabaki mbili. Andika 4. Mbili zinavunjwa kuwa noti ishirini za elfu moja: kila mtu mbili, zinabaki sita. Andika 2. Sita zinakuwa sarafu sitini za mia: kila mtu nane, zinabaki nne. Andika 8. Nne zinakuwa kumi-kumi arobaini: kila mtu tano, zinabaki tano. Andika 5. Tano zinakuwa shilingi hamsini: kila mtu saba, inabaki shilingi moja. Andika 7.

Soma ulichoandika: 142857. Halafu itazame hiyo shilingi moja iliyobaki. Mko palepale mlipoanzia: kitu kimoja, watu saba. Mkiivunja tena mara kumi mtapita njia ileile, 1, 4, 2, 8, 5, 7, na tena, na tena, bila mwisho. Ndiyo maana kikokotoo chenye nafasi ya kutosha hakiishii 142857, kinaandika 142857.142857. Simu yako ikimalizia na tarakimu isiyolingana na mfuatano huo, imekadiria tu kwa sababu nafasi ya kioo imeisha.

Kiini kiko kwenye yale mabaki: 1, 3, 2, 6, 4, 5. Ukigawanya kwa saba, baki haliwezi kuwa saba au zaidi, na likiwa sifuri kazi imekwisha. Yanabaki mabaki sita tu yanayowezekana, na saba inayapitia yote sita, moja baada ya jingine, kabla ya kurudi kwenye 1. Wewe unaujua upatu, kwa hiyo fikiria upatu wa watu sita walioketi duara, kila mmoja na zamu yake. Zamu haibadiliki, kinachobadilika ni nani anaanza. Mlipogawana milioni mbili mlianza na mafungu mawili mezani. Baki 2 limeketi wapi kwenye duara? Baada ya 3, kabla ya 6. Mkaingilia hapo: mafungu ishirini ya laki, kila mtu mawili, yanabaki sita, kisha nane, kisha tano, saba, moja, nne. 285,714. Milioni tatu zinaingilia kwenye baki 3. Hakuna aliyezipanga tarakimu hizo. Zimepokezana zamu zenyewe.

Mimi nilikutana nayo nikiwa kidato cha pili, usiku wa mgao wa umeme, kwa taa ya chemli, nikigawanya 1 kwa 7 nyuma ya daftari la jiografia. Nilidhani itafika mahali itaisha. Nilijaza mistari minne ndipo nikaona najiandika upya. Sijausahau mshtuko ule, kwa hiyo naelewa vizuri kwa nini kwenye kikundi chenu mmoja ameona wizi na mwingine ameona nyota.

Kuhusu nyota niseme wazi. Hiyo elfu hamsini msimpe. Namba hii haina kufuli la kufunguliwa. Umeifungua wewe sasa hivi kwa maburungutu na chenji. Uzuri wake umetokana na vitu viwili vya kawaida: saba, na mazoea yetu ya kuhesabu kwa makumi kwa sababu tuna vidole kumi. Tungekuwa tunahesabu kwa manane, fungu moja lingevunjwa vipande vinane, kila mtu angepata kimoja na kingebaki kimoja, tena kimoja, tena kimoja. Moja kugawa kwa saba ingeandikwa 0.1111 mpaka mwisho wa karatasi, na huyo bwana asingekuwa na cha kuuza. Nyota haiwezi kutegemea idadi ya vidole.

Na kwenye bahati nasibu ya tarakimu sita, kuanzia 000000 hadi 999999, ziko namba milioni moja na kila moja ina nafasi sawa ya kutoka. Mashine haijui kama namba ni nzuri. Kuna jambo moja tu linaloitofautisha 142857, nalo halina faida kwenu: inajulikana na watu wengi duniani wanaopenda hesabu, kwa hiyo pale zawadi inapogawanywa kwa washindi wote, ukishinda nayo una uwezekano mkubwa zaidi wa kugawana.

Haina bahati, lakini ina mambo, tena mengi. Ikate katikati ujumlishe vipande: 142 na 857 ni 999. Ikate vipande vitatu: 14 na 28 na 57 ni 99. Mfaransa aitwaye Midy alieleza tabia ile ya kukata katikati mwaka 1836, na si ya saba peke yake.

Ninayoipenda mimi zaidi ni hii. Zidisha 142,857 kwa yenyewe. Unapata 20,408,122,449. Tenga tarakimu sita za mwisho na zilizotangulia, kisha zijumlishe: 20,408 na 122,449. Jibu ni 142,857. Namba imezidishwa, ikavimba, ikakatwa, ikajirudia. Namba za tabia hii huitwa kwa jina la Kaprekar, mwalimu wa shule wa Devlali nchini India aliyeishi kati ya 1905 na 1986, aliyetumia maisha yake kuchezea namba baada ya vipindi. Sababu yake ni ileile ya mezani kwenu. 142,857 mara 142,856 inagawanyika kamili kwa 999,999, kwa kuwa 142,856 ni 7 mara 20,408, na hiyo 7 ikikutana na 142,857 inatengeneza 999,999. Kwa hiyo mraba wa namba yetu ni 142,857 pamoja na 999,999 mara 20,408. Kila 999,999 ni milioni pungufu ya shilingi moja. Andika milioni 20,408, kisha punguza shilingi 20,408 kutoka kwenye 142,857, zinabaki 122,449. Ukirudisha ulichopunguza, namba imerudi.

Niyaache hayo, nikupe ya kukusaidia kazini. Kwenye orodha ile ya migao sita hakuna tarakimu 0, 3, 6 wala 9. Siku ukigawa milioni kamili kwa watu saba, chini ya milioni saba, ukaona mojawapo ya hizo, umekosea kubonyeza. Tena tarakimu baada ya nukta zinakuambia baki bila kuhangaika. Tuseme mmepata 347,500 ya faida ya mikopo. Gawa kwa saba: simu inasema 49,642.857142. Hiyo .857142 ndiyo sura ya baki 6. Zidisha uone: 49,642 mara saba ni 347,494, na sita zimebaki. Ikiwa .142857 baki ni 1, .285714 ni 2, .428571 ni 3, .571428 ni 4, .714285 ni 5. Jaribu na siku za mwaka: 365 kwa 7 ni 52.142857, yaani wiki 52 na siku moja. Ndiyo sababu Desemba 9 mwaka 2024 iliangukia Jumatatu na mwaka 2025 Jumanne.

Sasa lile swali la shilingi zinazobaki, ambalo mwenzako ana haki ya kuliuliza. Hakuna aliyepokea 142,857 mkononi, maana sarafu ndogo inayopokewa dukani ni ya hamsini. Nadhani ulikuwa unashusha, unampa kila mtu 142,850. Mara saba hiyo ni 999,950, kwa hiyo kwenye kila milioni inabaki sarafu moja ya hamsini. Milioni mbili: kila mtu 285,700, inabaki mia moja. Milioni tatu: 428,550, inabaki mia na hamsini. Unaona? Hata kwenye sarafu mwendo ni uleule, kwa sababu milioni moja ni sarafu 20,000 za hamsini, na 20,000 kwa saba inabakiza moja. Kwa miaka yote mitatu jumla ya masalio ni shilingi mia tatu. Ziandike kwa mstari wake kwenye daftari, zionekane zimeingia mfuko wa jamii. Tatizo lako si mia tatu, ni kwamba hazikuandikwa.

Mnaweza pia kugawa kwa simu hadi shilingi ya mwisho, lakini makato ya kutuma yatazidi mabaki mara nyingi, kwa hiyo siioni faida yake. Kupandisha hadi 142,900 kunapendeza mkononi, ila mnahitaji 1,000,300, na hizo mia tatu za ziada lazima zitoke mahali. Ushauri wangu ni kugawana kiasi kinachokubali saba: kwenye kila milioni mgawane 980,000, kila mmoja 140,000 kamili, na elfu ishirini ziende mfuko wa jamii. Kwa milioni tatu ni 420,000 kila mtu na 60,000 kwenye mfuko. Hata asiyejua kusoma anaweza kuhesabu noti zake na kuridhika. Ubaya wake nao niuseme: mwenye shida ya ada ya mtoto mwezi huo ataiona 2,857 yake kwa kila milioni imebaki sandukuni, na hatakuwa amekosea kuitaka. Hilo si la hisabati, liamueni wote saba.

Kuna jambo moja sitaki ulichukue zaidi ya nilivyolisema. Namba hii inakutetea kwenye kugawanya tu. Inaonyesha kwamba milioni tatu zilipogawanywa, zilipasuliwa sawasawa. Haisemi chochote kuhusu kilichoingia sandukuni: kama kila hisa iliandikwa, kama kila rejesho limehesabiwa, kama kweli zilikuwa milioni tatu na si tatu na laki mbili. Mpangilio wa tarakimu hauwezi kumsafisha mweka hazina yeyote kwenye hayo. Kama mashaka ya wenzako yako huko, nami nikiwa mbali sina uwezo wa kuyatibu. Kaeni wote saba, fungueni sanduku na washika funguo wote wakiwepo, someni daftari la hisa na la mikopo mstari kwa mstari kwa sauti, kila mwanachama akilinganisha na kitabu chake. Msipoelewana, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu awasimamie. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi kama chenu visajiliwe, na usajili unapitia halmashauri. Kama bado hamjasajiliwa, hiyo ndiyo safari ya kwanza, na mgogoro kama huu unasikilizwa kirahisi zaidi mkiwa na karatasi. Na huyo bwana wa sokoni, akiendelea kuwafuata au kama kuna aliyekwisha kumpa hela, ofisi ya serikali ya mtaa ijulishwe mapema kabla hajafika kwa wengine.

Nimemwekea binti yako sehemu ya mwisho, kwa sababu mtoto wa darasa la sita anayeuliza "kwa nini" hapaswi kuambiwa asisumbue. Mpeleke kwa mwalimu wake wa hisabati na karatasi hii, amwonyeshe alichokiona.

Kwanza agawe milioni kwa 13. Atapata 76,923, na shilingi moja imebaki. Aiandike 076923, sifuri ya mbele asiifute, maana nayo ina kiti chake kwenye duara. Milioni mbili zitampa 153,846, na hapo atashangaa: tarakimu si zilezile. Milioni tatu, 230,769, zinarudi za mwanzo. Mabaki kumi na mawili ya 13 hayakai duara moja kama ya saba, yamejigawa meza mbili za watu sita-sita. Atafute mwenyewe, katika milioni 1 hadi 12, zipi zimeketi meza ipi.

Kisha 17. Hapo mabaki yote kumi na sita yanarudi duara moja, na 19 pia inafanya hivyo kwa mabaki yake kumi na nane, na 23, na 29. Kati ya namba tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, nyingine zinakubali, nyingine zinakataa. Mwaka 1927 Emil Artin, mwanahisabati wa Hamburg, alikisia kwamba zinazokubali hazina mwisho, na hadi leo hakuna aliyelithibitisha hilo moja kwa moja bila kuegemea dhana nyingine ambayo nayo haijathibitishwa. Mwambie hivyo, kwamba swali lake limefika mahali ambapo wakubwa wote wamesimama.

Kwa 17 asitumie simu, kioo hakitamtosha. Achukue karatasi na penseli, agawe 1 kwa 17 kama nyinyi mlivyovunja mafungu, tarakimu upande mmoja na mabaki upande wa pili. Duara linaanza 0588 na lina hatua kumi na sita. Akilifikia baki 1 kabla ya hatua ya kumi na sita, kuna mahali amekosea kutoa. Arudi nyuma alitafute kosa kabla ya kuuliza mtu.